Mabango ya neoni na moteli za zamani za Route 66: nayapiga picha nikiwa safarini na lori (uzi mrefu)

#1 Tela Refu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Huu ni mwaka wangu wa sita naendesha lori hapa Marekani. Njia yangu kubwa ni barabara kuu ya I-40: napakia Memphis, Tennessee, nashusha Barstow kule California, nageuza. Mlionizoea kwenye nyuzi za malori, leo sina habari za injini wala za malipo kwa maili. Leo tuongee mabango. Yale makubwa ya bati na mirija ya neoni (vioo vyembamba vyenye gesi inayowaka kwa umeme), ya miaka ya 1940, 50 na 60, yanayosimama mbele ya moteli (hoteli ndogo za wasafiri wa magari), migahawa na sheli za zamani. Nimeyapiga picha miaka minne sasa na sijawahi kuyaandikia kwa Kiswahili.

Historia kidogo ili twende pamoja. Kuanzia Oklahoma City hadi Barstow, I-40 inafuatana na barabara kongwe iitwayo Route 66, mara sambamba nayo, mara imeilalia juu kabisa. Route 66 ilipewa namba yake Novemba 1926, ikitoka Chicago hadi California, maili 2,448, karibu kilomita 3,940. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walinunua magari kwa wingi, wakaanza kusafiri na watoto wakati wa likizo. Sasa fikiria wewe ndiye mwenye moteli ya vyumba 12 katikati ya nyika. Dereva anapita mbio, amechoka, mbele yako kuna moteli nyingine na nyuma yako nyingine. Una sekunde chache za kumfanya akanyage breki. Ndiyo maana bango likawa refu kuliko nyumba, likawa na mishale, nyota, ndege, na taa zinazokimbizana. Moteli yenyewe ni banda la kawaida la matofali. Pesa yote imekwenda kwenye bango.

Kisha ikaja sheria ya 1956 ya kujenga barabara kuu mpya. Mji baada ya mji ukapitwa pembeni. Wa mwisho ulikuwa Williams, Arizona, Oktoba 1984, na mwaka uliofuata namba 66 ikafutwa rasmi. Wenye moteli wakabaki na mabango yanayomwita mtu asiyepita tena.

Nilianzaje? Kwa kuchelewa. Kuna mji mdogo Texas, upande wa juu kule, sitautaja. Palikuwa na bango la mshale mkubwa wa bati, rangi ya chungwa imebabuka, herufi M-O-T-L, ile E imedondoka na kuacha kivuli chake cha rangi mpya pale ilipokuwa imefunika. Nilifika saa saba mchana, jua liko utosini, kila kitu kimefifia. Nikasema hapana, hili linataka jua la jioni, nitalipiga safari ijayo. Safari ijayo ilikuja baada ya siku 19. Nilikuta sakafu ya zege na bolti nne zimekatwa usawa wa ardhi, bado zinang'aa pale msumeno ulipopita. Nilichuchumaa nikazigusa. Jirani mmoja aliniambia limeuzwa chuma chakavu.

Toka siku hiyo napiga hapo hapo nilipolikuta, jua liwe baya, liwe zuri. Ikipatikana nafasi narudi kupiga ile nzuri.

Sasa nawapeleka Tucumcari, New Mexico, maana ndipo roho yangu ilipo. Zamani matangazo ya barabarani yalikuwa yanaanza kuusifia mji huo mamia ya maili kabla hujafika, yakijigamba kuwa una vyumba 2,000 vya kulala. Leo moteli zilizobaki wazi ni chache, lakini mojawapo ni Blue Swallow. Ilianza kupokea wageni mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kila chumba kina gereji yake ndogo ubavuni, unaingiza gari kama unaingiza ng'ombe zizini, kisha unafungua mlango wa chumba. Mwaka 1958 ikaingia mikononi mwa mama mmoja, Lillian Redman, zawadi ya uchumba kutoka kwa mchumba wake, naye akaiendesha karibu miaka 40.

Bango lake ni mbayuwayu wa buluu juu, jina chini yake, na chini kabisa maneno "100% Refrigerated Air". Hayo maneno mengi wanayapita. Yasome vizuri. Huku jangwani moteli nyingi zilikuwa na vipoza hewa vya maji, feni inavuta hewa kupitia nyuzi za mbao zilizoloweshwa. Huyu anakuambia: mimi nina mashine ya baridi kweli kweli, kila chumba. Bango ni kama mtu aliyesimama barabarani anakueleza shida za wasafiri wa wakati ule: joto, televisheni, simu chumbani, mahali pa kulaza gari.

Nalala kwenye kituo cha malori pembeni ya mji, nashusha baiskeli yangu ya kukunja, naingia mjini na kamera mgongoni. Tela la futi 53 huwezi kuliingiza kwenye uwanja wa moteli ya 1940, usijaribu. Na sheria ya muda wa kazi ni kali: saa 11 za kuendesha, ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, kisha saa 10 za kupumzika, na mashine inahesabu kila dakika. Kwa hiyo nikiitaka Tucumcari wakati wa magharibi, hesabu naianza Memphis.

Nikipumzika naendelea. Karibuni kwa maswali.

#2 Kijana wa Ruaraka

Asante sana ndugu, nimesoma hadi mwisho bila kupepesa. Umenikumbusha kitu. Huku Nairobi, Thika Road, kuna steji inaitwa Drive Inn, na Mombasa Road kuna Bellevue. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimwambia makanga "nishushe Drive Inn" bila kujua palikuwa na sinema ya watu kutazama wakiwa ndani ya magari. Nilikuja kuambiwa na mzee mmoja. Sinema hakuna, imebaki steji. Sijawahi kuona picha hata moja ya lile lango. Hebu endelea.

#3 Fundi Gerezani

Mkuu, mimi ni fundi wa mabango Dar, zamani rangi na brashi, siku hizi plastiki na taa za LED. Nina maswali mawili. Ile mirija inakunjwaje hadi inakuwa herufi ya mwandiko? Na la pili, mimi nikipiga picha bango la taa usiku kwa simu linatoka jeupe tupu, maandishi hayasomeki. Wewe unafanyaje?

#4 Tela Refu

Fundi, maswali yako yamenifurahisha, maana wewe utaelewa upesi kuliko wengine.

Mirija: niliwahi kupewa ruhusa ya kusimama mlangoni mwa karakana moja Albuquerque nikamtazama mzee akikunja. Mchoro wa herufi umelazwa mezani, umechorwa kinyume, kama unavyouona kwenye kioo. Anashika mrija mnyoofu, anauzungusha juu ya moto hadi ulegee kama muwa uliochomwa, anaulaza juu ya mchoro na kuukunja. Mdomoni ana mpira mwembamba uliounganishwa na mrija, anapuliza taratibu pale pale anapokunja ili kona isibonyee. Akikosea, mrija ule hautengenezeki, anaanza upya. Baadaye hewa inanyonywa yote, gesi inaingizwa. Neoni yenyewe inatoa nyekundu ya moto tu. Buluu ni gesi ya agoni na tone la zebaki. Rangi nyingine zinatokana na unga uliopakwa ndani ya mrija au kioo chenyewe kuwa na rangi. Umeme wake ni volti maelfu, kwa hiyo usiguse bango la zamani hata kama limezimwa na hujui linalishwa wapi.

Na kuna jambo linalomsaidia mpiga picha: baridi ikizidi, mirija ya zebaki inafifia, nyekundu haijali. Januari nilimkuta yule mbayuwayu amepauka wakati nyekundu ya pembeni inawaka vizuri. Nilidhani amekufa. Ni baridi tu.

Picha kutoka jeupe: kamera inaona giza jingi, inafungua macho, mrija unaungua. Dawa ya kwanza ni saa. Usipige usiku. Piga kati ya dakika 15 na 30 baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado na ile buluu nzito. Hapo mwanga wa mbingu na wa mirija vinalingana, unapata bango, unapata ukuta, unapata hata vumbi la uwanjani. Dakika hizo zikipita huwezi kuzirudisha kwa ufundi wowote. Mimi naweka kamera kwenye stendi, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 100, lenzi f/8 (ukubwa wa tundu lake), shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1 hadi 4, napiga tatu kwa mwanga tofauti. Ya kwanza iwe na giza kiasi cha kukutisha. Mara nyingi ndiyo yenye rangi ya mrija. Kwenye simu, gusa juu ya mrija, kisha shusha mwanga kwa kidole hadi herufi zisomeke.

Shata isiwe ya haraka sana. Umeme wa huku ni hezi 60, taa inapepesa mara 120 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Ukipiga haraka unaweza kukuta nusu ya bango limewaka na nusu limelala. Kaa 1/60 ya sekunde au polepole zaidi. Huko kwetu ni hezi 50, basi 1/50.

Mchana napo kuna somo. Route 66 huku inakwenda mashariki na magharibi, kwa hiyo majengo yanatazama kusini au kaskazini. Yanayotazama kusini yana jua karibu siku nzima. Yanayotazama kaskazini ndiyo yanayokunyima usingizi: majira ya baridi uso wake hauoni jua kabisa. Yasubiri Juni, asubuhi mapema, jua linapochomoza upande wa kaskazini-mashariki na kuupapasa ukuta kwa muda mfupi. Nina sheli moja niliyoisubiri miezi saba kwa ajili ya hiyo nusu saa.

#5 Ngosha wa Kahama

Mleta uzi, kazi yako nzuri na unaandika vizuri. Lakini nikuulize kwa heshima kabisa. Miaka hiyo unayoipenda, mtu mweusi hakuruhusiwa kulala kwenye moteli nyingi za namna hiyo. Babu yangu au yako angefika hapo na gari lake angefukuzwa. Sasa wewe unazipamba kwa rangi ya magharibi kana kwamba ilikuwa dunia nzuri. Hilo halikusumbui?

#6 Tela Refu

Linanisumbua, Ngosha. Na ndilo lililobadilisha jinsi ninavyopiga.

Mwaka wa kwanza nilikuwa napiga rangi tu. Kisha siku moja ya mapumziko Memphis nilikwenda kwa miguu hadi Lorraine Motel. Nadhani wengi mmeiona ile roshani: chumba 306, ambako Martin Luther King aliuawa 4 Aprili 1968. Leo ni makumbusho ya haki za raia, yaliyofunguliwa 1991. Nilikwenda nikiwaza roshani na shada la maua. Nilipofika nikasimama chini ya bango. Ni bango lile lile, wakuu. Njano, buluu ya kijani, herufi kubwa za MOTEL. Mtindo ule ule ninaoukimbilia New Mexico. Tofauti ni mwenyewe: Walter Bailey, mfanyabiashara mweusi, aliinunua 1945 na kuipa jina la mkewe, Loree. Hilo bango lilikuwa linawaita watu wetu.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kwa kila bango: hili lilikuwa linamwita nani? Maana mengine yaliandika "Welcome" kwa neoni na mlangoni wakakataa.

Kulikuwa na mwongozo wa wasafiri weusi ulioanzishwa 1936 na Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, New York. Uliitwa Green Book, ukaendelea kutoka hadi katikati ya miaka ya 1960, ukiorodhesha hoteli, migahawa na sheli zitakazokupokea. Lorraine ilikuwamo. Sasa kabla ya safari natazama orodha hizo, naandika anwani zilizo karibu na njia yangu, naenda kuona kimebaki nini. Mara nyingi ni kiwanja kitupu. Nakipiga vile vile. Nyasi, ukingo wa zege, nguzo ya umeme. Ukiweka picha hiyo pembeni ya bango linalong'aa lililo mtaa wa pili, inasema jambo ambalo mimi siwezi kuliandika.

Na jambo hili liligusa Waafrika wenyewe, si watu wa huku peke yao. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Malick Sow, alikuwa anatoka New York kwenda Washington kwa gari, akasimama kwenye mgahawa wa kando ya Route 40, Maryland, akakataliwa huduma. Balozi mwenye bendera ya nchi huru! Nchi zetu zilikuwa ndiyo kwanza zinapata uhuru, na mabalozi walikuwa wanapita njia hiyo kila wiki. Serikali ya Rais Kennedy ilifedheheka, ikalazimika kutuma maofisa kuzungumza na wenye migahawa mmoja mmoja.

Sheria ya haki za raia ilipotiwa saini Julai 1964, waliokimbilia mahakamani kuipinga walikuwamo wenye moteli. Heart of Atlanta Motel, vyumba 216, ilitaka kuendelea kuwakataa weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikatalia Desemba mwaka huo huo. Neno "moteli" limo katika moja ya hukumu kubwa za nchi hii.

Lingine nililojifunza nikiwa nimechelewa: Las Vegas kuna makumbusho ya neoni, mabango yaliyostaafu yamepangwa uwanjani kama meli zilizopanda nchi kavu. Unaingilia kwenye jengo la zege lenye matao kama ganda la kombe. Lilikuwa ukumbi wa mapokezi wa La Concha Motel, 1961, likakatwa vipande na kuhamishwa. Aliyelichora ni Paul Revere Williams, mbunifu mweusi. Mitindo hii hii tunayoiita ya wazungu, kalamu mojawapo ilikuwa yetu.

Kwa hiyo Ngosha, sipambi. Naweka kumbukumbu, na chini ya kila picha naandika niliyoyapata kuhusu nani alilala hapo na nani hakulala. Nisipoyapata, naendelea kutafuta.

#7 Ngosha wa Kahama

Nimekuelewa kaka. Kile kiwanja kitupu ndicho kimenimaliza. Kiweke kwanza kabla ya mabango.

#8 Mama wa Msasani

Wanangu hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika sana humu, nasoma tu.

Yule kijana wa Nairobi amezungumzia drive-in. Hata Dar ilikuwapo, Msasani, barabara ya zamani ya Bagamoyo, ilifunguliwa 1966. Baba alikuwa na gari la kazini. Tulikuwa tunakwenda watoto wanne nyuma, mama amebeba mihogo ya kukaanga kwenye hotipoti. Unaegesha, unachukua spika kwenye nguzo, unaining'iniza dirishani, sauti inakwaruza. Mdogo wangu alikuwa analala kabla picha haijaanza. Leo pale ni Ubalozi wa Marekani. Nikipita na daladala huwaambia wajukuu, nao wanatazama ukuta, hawaoni kitu.

Nyumbani nina picha ya siku moja tulipokwenda. Tumesimama mbele ya gari. Nyuma kuna bango, lakini limekatwa, nusu yake liko nje ya picha.

#9 Tela Refu

Shikamoo mama.

Nimesimamisha chakula kusoma ujumbe wako. Tafadhali, hiyo picha usiiache kwenye albamu ya plastiki inayonata, inakula rangi. Mtafute mjukuu aipige kwa skana, siyo kwa simu, na askani nyuma yake pia kama kuna maandishi. Nusu ya bango ni mali kubwa. Mabango mengi niliyoyatafuta yamebaki namna hiyo hiyo, nyuma ya mabega ya watu, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuyapiga.

Kuna mpiga picha, John Margolies, alifariki 2016, aliyekusudia. Alizunguka Marekani zaidi ya miaka 30 akipiga moteli, sheli na sinema za aina hiyo. Slaidi zake 11,710 ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, zimewekwa mtandaoni, zinatazamwa bure. Alipenda mbingu safi ya asubuhi bila mtu ndani ya picha. Namheshimu sana, ila hapo tunaachana. Mimi mtu akipita na mfuko wake wa soko namuacha apite ndani ya picha.

#10 Kijana wa Ruaraka

Swali la haraka. Mtu mweusi usiku, na stendi ya kamera, mbele ya moteli iliyofungwa. Huogopi?

#11 Tela Refu

Naogopa, na ndiyo maana sifichi uso. Navaa kizibao cha kung'aa cha kazini. Kama pana mtu, naanza mapokezi: najitambulisha, nasema mimi ni dereva, napenda bango lako, naomba nusu saa. Sijawahi kunyimwa zaidi ya mara mbili. Nikiwa barabara ya umma sheria inaniruhusu kupiga, lakini siingii ndani ya uzio wala jengo lililoachwa, hata mlango ukiwa wazi. Sakafu zimeoza, na mwenye mali yupo mahali. Polisi wakija nawaonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Mmoja aliniambia mama yake alifanya kazi ya kutandika vitanda pale pale tulipokuwa tumesimama. Nilimpiga picha chini ya bango, na gari lake.

Ratiba: Jumanne natoka Memphis, Alhamisi nitakuwa Holbrook, Arizona, kwenye Wigwam Motel, vile vyumba 15 vya umbo la hema vya 1950. Wataalamu wa mila watanisamehe, jina lenyewe limekosewa, maana wigwam ni kibanda cha aina nyingine: yale ni mahema ya wenyeji wa asili wa nyanda za kati za Marekani, na pale ni jirani na nchi ya Wanavajo, ambao nyumba zao ni nyingine kabisa. Nataka kupiga hilo nalo, sijui bado kwa namna gani.

#12 Mama wa Msasani

Marahaba mwanangu. Mjukuu ameskani leo. Bango zinaonekana herufi tatu, juu ya bega la baba, I, V, E. Nyuma ya picha kuna mwandiko wake wa kalamu ya wino: majina yetu sote wanne, na la mdogo wangu ameongeza "amelala".

#13 Fundi Gerezani

Mama, weka hiyo picha hapa kwa ukubwa wake wote. Hizo herufi tatu nikiziona vizuri, umbo la mwandiko naweza kulichora lililobaki.